Samaki Mzima na Sufuria Mpya: Kula Kosheri Ukiwa Mgeni Kiriri

Ukipanda Kiriri kutoka katikati ya Bujumbura, hewa inapoa kidogo kidogo, na ukigeuka nyuma unaliona Ziwa Tanganyika na, siku isiyo na ukungu, milima ya Kongo ng'ambo. Ndiyo maana hoteli na nyumba za wageni zimependa kukaa huku juu, jirani na balozi na kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi ambayo zamani ilikuwa shule ya Wajesuti. Wanaolala humo ni watu wa semina, wa mashirika, wa biashara ya kahawa. Wamo Wayahudi pia, na siku hizi si lazima Myahudi huyo awe ametua kutoka Brussels au Tel Aviv. Anaweza kuwa mtoto wa jumuiya ya Kiyahudi ya Nabugoye, kando ya Mbale nchini Uganda, au ya Kasuku kule Nyandarua nchini Kenya, mtu anayepatana bei na mama muuza samaki kwa Kiswahili bila mkalimani, kisha mchana anaketi kwenye meza ya semina akiwa na chupa ya maji tu mbele yake.

Namwandikia huyo, anayeshika sheria za kosheri, yaani za chakula cha Kiyahudi. Msabato asiyekula nguruwe wala kambale ataokota mengi humu, na Mwislamu mawili matatu. Shauri langu ni hili: usile kwa kubahatisha, na usishinde na njaa kwa kuogopa kusema. Amua kabla hujafunga begi utakula nini Bujumbura, na cha kwanza kuamua kiwe samaki mzima wa ziwani.

Nyama iondoe akilini mapema. Bujumbura haina bucha la kosheri wala mgahawa wa kosheri. Wengi hukwama hapa kwa sababu mwenyeji mwema atasema, twende Buyenzi, kule Waislamu wanachinja vizuri. Buyenzi ndio mtaa wa Waswahili wa mji ule, na ni kweli kwamba ukimweleza Mwislamu habari za chakula kilichokatazwa anakuelewa kabla hujamaliza sentensi. Damu anaikataa, nguruwe anamkataa. Lakini nyama ya halali haiwi kosheri kwa sababu hiyo. Mchinjaji wetu ni mtu aliyefundishwa na kupimwa. Makali ya kisu huyapitishia ukucha kabla ya kuchinja na baada yake, na pengo dogo tu linaiharibu nyama yote. Mapafu hukaguliwa, mshipa wa paja huondolewa, kisha nyama hulowekwa nusu saa, hutiwa chumvi saa moja na kusuuzwa. Ng'ombe akishachinjwa bila mtu huyo hakuna namna ya kuirekebisha nyama jikoni. Mshukuru mwenyeji wako, mweleze hivyo hivyo, na umwombe akupeleke Buyenzi kununua vitu vingine, kwa sababu soko la Ruvumera lina mengi unayoyahitaji.

Asikwambie mtu kwamba sheria hizi haziwezekani kwa vyakula vya Maziwa Makuu. Abayudaya wa Uganda wamezishika kwa ndizi, maharage, kuku na samaki tangu siku za Semei Kakungulu, aliyetahiriwa pamoja na wafuasi wake mwaka 1919. Mwaka uliofuata mfanyabiashara Myahudi anayekumbukwa kwa jina la Yusufu alikaa nao miezi kadhaa, akawafundisha kalenda na sheria za chakula. Wakaanza kuchinja wenyewe. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao miaka ya 1970, waliendelea kwa kificho. Watu hao hawakuwa na duka la kosheri wala kopo lenye muhuri. Walikuwa na kisu safi, sufuria zao na ujuzi. Msafiri wa Kiriri anahitaji vitu hivyo hivyo, kasoro mnyama wa kuchinja.

Kama safari ni ndefu na nyama huwezi kuikosa, ipitie Nairobi. Jumuiya ya Wayahudi ya Nairobi ni ya tangu mwanzo wa karne iliyopita, sinagogi lao la kwanza lilifunguliwa 1913, na hadi leo ndiyo mahali pa kuuliza habari za nyama iliyochinjwa sawasawa kwa msafiri wa Afrika Mashariki. Piga simu wiki mbili kabla. Ulizia pia masharti ya forodha ya Burundi kuhusu nyama, maana mfuko unaweza kubaki uwanja wa ndege. Na ukifika hoteli usiiweke kwenye friza ya jikoni ikiwa kwenye karatasi moja tu. Nyama iliyo mikononi mwa watu wengine inatakiwa kufungwa kwa alama mbili zisizoweza kufunguliwa bila wewe kujua, kwa mfano utepe uliosaini juu yake, kisha mfuko wa pili uliosaini tena.

Sasa tuje ziwani, kwa maana hapa ndipo Bujumbura inapomtendea mema Myahudi. Sheria ya samaki, katika Mambo ya Walawi sura ya 11 na Kumbukumbu la Torati sura ya 14, ni fupi: awe na mapezi na magamba. Hachinjwi, hatiwi chumvi ya kutoa damu, hahitaji mtaalamu. Anahitaji macho yako. Mukeke, samaki ambaye mji mzima unajivunia, ana magamba. Sangala ana magamba. Kuhe, yule mkubwa wa jamii ya sato, ana magamba. Kambale hana, hata akitajwa kwa jina la kupendeza kwenye karatasi ya vyakula. Magamba yenyewe yawe yale yanayobanduka kwa ukucha au kisu bila kuchana ngozi. Mparuze samaki mwenyewe mbele ya muuzaji. Akina mama wa sokoni hawatakasirika; mnunuzi yeyote makini humgusa samaki kabla ya kutoa pesa.

Kutokana na hilo inakuja kanuni ambayo ningependa kila msafiri aishike kwa moyo: samaki aliyekwisha kuchunwa ngozi usimnunue na usimle. Mnofu mweupe wa sangala kwenye sahani ya hoteli unafanana mno na mnofu mwingine wowote. Mpishi anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akawa ameletewa kitu kingine. Ngozi ndiyo ushahidi wako. Kikibaki kipande kimoja cha ngozi chenye magamba juu yake, unajua unachokula.

Ndagala ni suala jingine. Hao ni wadogo wa jamii ya dagaa, nao wana magamba mepesi yanayopukutika wakitoka majini, na mapokeo yetu yanamruhusu samaki wa namna hiyo. Tatizo la ndagala mkavu wa sokoni ni kwamba amerundikwa pamoja na kila kilichoingia wavuni. Kama una subira ya kumchagua mmoja mmoja akiwa mbichi, vema. Aliyekaushwa na kuchanganywa mimi ningemwacha.

Kuna jambo moja la ziwa hili ambalo halimo katika vitabu vya marabi, na linamgusa Myahudi kuliko mgeni mwingine yeyote. Wavuvi wa Tanganyika huvua ndagala na mukeke usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hauvuti tena samaki, na wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa. Samaki huadimika na bei hupanda. Kalenda yetu nayo ni ya mwezi: Pasaka na Sikukuu ya Vibanda huanza tarehe 15, mwezi ukiwa umejaa. Yaani usiku unaomhitaji samaki kuliko wote ndio usiku ambao mitumbwi imekaa ufukweni. Anayetarajia kuwa Bujumbura wakati wa sikukuu anunue siku nyingi kabla na kugandisha, samaki akiwa na ngozi yake, kwa ule utaratibu wa alama mbili. Ulizia pia kama ziwa limefungwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na hatua kama hizo zinazungumzwa na nchi zote nne za ziwa.

Umeshampata mukeke wako, unampikaje katika hoteli ambayo jiko lake limepika kila kitu? Nunua mzima. Nenda na kisu chako, mparuze na kumtoa matumbo mwenyewe, kwa sababu kisu cha muuzaji kimepita kwa kambale asubuhi hiyo hiyo. Ukilazimika kutumia chake, kioshwe vizuri, na pale kilipopita uparuze. Mtie chumvi, ndimu na kitunguu ulichokikata kwa kisu chako. Kitunguu na pilipili ni vikali, navyo huchukua ladha ya kisu cha nyama, ndiyo maana nasisitiza. Kisha mfunge kwa karatasi ya alumini tabaka mbili, ncha zikunjwe zisivuje. Akiwa hivyo anaweza kuwekwa juu ya wavu wa hoteli, hata kama jana ulichomewa mishikaki ya mbuzi, au katika tanuri yao, na asidhurike.

Linabaki suala la nani anapika. Chakula cha heshima kisicholiwa kibichi, na mukeke wa kuchoma ni chakula cha heshima, hakitakiwi kupikwa na asiye Myahudi peke yake. Wanaofuata desturi ya Ashkenazi wanatosheka ukiwasha moto wewe, au hata ukitupia kaa moja kwenye jiko linalowaka. Wa desturi ya Sefaradi humtaka Myahudi mwenyewe amweke samaki motoni. Mimi nashauri kila mtu afanye yote mawili, maana ni kazi ya dakika moja na inamaliza mjadala. Jiko la makaa linafaa kuliko la umeme kwa sababu nyingine pia: umeme wa Bujumbura hukatika, na usipange chakula chako cha siku juu ya waya.

Mlango wa jikoni haufunguki kwa cheo wala kwa barua pepe ya mapokezi. Shuka mwenyewe jioni ya kwanza, wakati wapishi hawajazidiwa, uwasalimie, ukae kidogo. Kisha sema kwa maneno mafupi: "Kaka, dini yangu inanizuia kula katika sufuria iliyopikiwa nyama za watu wengine. Samaki nimemleta na nimemfunga mimi. Naomba nafasi kwenye makaa tu, nimweke kwa mkono wangu, na asifunguliwe mpaka anifikie mezani." Usianze kuhubiri historia ya Sinai. Warundi wanajua miiko: wazee wengi wa Burundi na Rwanda hawakula kondoo hata mara moja maishani, na hakuna aliyewadai maelezo. Kinachoudhi mpishi ni mgeni anayekubali sahani, akaipekua kwa uma na kuirudisha. Anayesema mapema anaheshimiwa, na kesho yake utakuta wamekutengea kona ya jiko. Bakshishi itoe siku ya kwanza, usingoje ya mwisho.

Kwa wali, maharage, viazi na mayai utahitaji chombo chako. Kubeba sufuria ndogo kutoka nyumbani ni rahisi zaidi, pamoja na sahani, kijiko, kisu na kibao cha kukatia. Ukiamua kununua Bujumbura, zipo nyingi Ruvumera, lakini sufuria mpya ya chuma au bakuli la kioo lililotengenezwa na wasio Wayahudi linatakiwa kuzamishwa kwanza katika maji ya asili. Mjini Brussels ungetafuta birika la ibada. Hapa Tanganyika yenyewe iko mbele yako, na ni maji halali kabisa kwa kazi hiyo. Bandua lebo na gundi yake yote, shika chombo bila kukibana, kizamishe chote kwa mara moja, maji yafike ndani na nje. Kwa chuma na kioo baraka husemwa; kwa alumini wengi huzamisha bila baraka; chungu cha udongo kisichopakwa dawa ya kung'arisha hakihitaji.

Ila ziwa hili lina mamba na viboko, na hilo silisemi kupamba maneno. Mamba aliyepewa jina la Gustave alijulikana duniani kote kutokana na mwambao huu huu na mdomo wa Rusizi. Viboko hutoka majini kuanzia jioni, hata kwenye fukwe za mji. Nenda mchana, mahali penye watu na wenyeji wanaopajua, mwombe mvuvi au mlinzi wa ufukwe akusindikize, na ubaki maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu. Sufuria ndogo haihitaji kina kirefu. Kuilinda nafsi ni amri kubwa kuliko sufuria.

Asubuhi hotelini usipoteze muda kwenye meza ya vyakula vya moto. Matunda ndiyo chakula chako: ndizi, maembe, maparachichi, nanasi, marakuja. Omba yaletwe mazima, ukate kwa kisu chako. Kahawa nyeusi ya Burundi na chai ya Teza au Rwegura ni sawa bila muhuri ikiwa haina kiungo cha ladha, ila inywe katika kikombe chako au glasi. Mkate uache, kwa sababu mafuta yaliyotiwa hayajulikani. Beba biskuti kavu zenye muhuri. Mayai chemsha chumbani kwa chombo chako cha umeme, ukiwa umeomba ruhusa. Soketi za Burundi ni za matundu mawili ya duara kama za Ubelgiji, kwa hiyo anayetoka Kenya, Uganda au Tanzania aje na adapta. Maziwa ya hoteli, kama unashika desturi ya maziwa yaliyosimamiwa, yaache na ubebe ya unga.

Mboga za majani zinadai uangalifu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mdudu mmoja kwenye jani ni marufuku sawa na nguruwe. Lengalenga unaweza kulikagua jani kwa jani kwenye mwanga wa dirisha. Sombe linauzwa likiwa limekwisha kutwangwa, na lililotwangwa halikaguliki tena. Nalo mara nyingi hupikwa na ndagala au nyama. Liache, hata kama harufu ya mawese ya Rumonge inakuita. Saladi ya hoteli inayong'aa kwa siki iache pia, maana siki ya zabibu ina hukumu ya divai. Nyanya, matango, karoti na ndimu vinatosha.

Madukani tafuta alama ya duara lenye herufi U ndani, muhuri wa Orthodox Union, kwenye bidhaa zilizotoka nje, hasa samaki wa kopo na nafaka za asubuhi. Ukiona herufi D pembeni, kuna maziwa au imepita kwenye mashine za maziwa. Mchele mkavu, maharage makavu, sukari na chumvi havihitaji muhuri. Vichambue tu kuondoa wadudu.

Semina ina mtego wake. Mwandaaji ameshalipia chakula, na atakwambia kuna mboga. Mwandikie kabla ya safari, umwombe akulipe posho ya chakula badala ya kukuhesabu mezani. Wengi hukubali bila swali. Mezani kaa na wenzako, usijifungie chumbani, ukiwa na sahani yako uliyokuja nayo. Kwenye sherehe, divai ya hoteli kataa. Bia ya kawaida isiyotiwa ladha, marabi wengi huiruhusu bila muhuri, kwa hiyo chupa ya Primus iliyofunguliwa mbele yako itamridhisha mwenyeji anayetaka mnywe pamoja. Ukialikwa nyumbani na kukuta chungu cha impeke, bia ya kienyeji ya mtama, na mirija yake, shika chupa ya maji na ueleze. Kuhusu impeke muulize rabi wako kabla hujasafiri, kwa sababu vyombo vya nyumbani hutofautiana.

Sabato inaingia mapema kuliko ulivyozoea, kwa saa ya ukutani. Burundi iko saa moja nyuma ya Nairobi na Kampala, na jua la Bujumbura huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Ijumaa choma samaki wawili kabla ya saa kumi, wa usiku moto na wa mchana baridi. Omba chumba chenye ufunguo wa kawaida badala ya kadi ya umeme, ghorofa ya chini, na ufunguo ubaki mapokezi.

Na ndege: chakula cha kosheri huombwa kwa herufi KSML angalau siku mbili kabla, moja kwa moja kwa shirika, hata kama wakala wa tiketi amekuahidi. Kikija kimefunguliwa mfuniko, usikile. Weka matunda na biskuti kwenye mkoba wa mkononi.

Kabla hujalipa hata senti ya chumba, ipigie hoteli simu na uombe kuzungumza na mpishi mkuu, wala usiridhike na mapokezi. Muulize mambo mawili: kama wanalo jiko la makaa, na kama mgeni anaruhusiwa kuingia jikoni. Akikataa yote mawili, tafuta hoteli nyingine, Kiriri zipo.